Waya Chini ya Vigae: Maswali Kuhusu Sakafu ya Bafuni Inayopashwa Joto kwa Umeme

Kila majira ya baridi yanapokaribia, wenzetu waishio Uingereza huanza kuulizia habari za kupasha joto sakafu ya bafuni kwa umeme. Ni kazi ninayoipenda. Ikifanywa vizuri haionekani wala haina kelele. Mtu anakanyaga kigae alfajiri ya Januari na mguu haushtuki. Lakini ni kazi inayozikwa. Vigae vikishashika, hakuna anayeweza kuchungulia kilicho chini yake, na ndiyo maana majibu yangu mengi yatazungumzia mita ya kupimia umeme kuliko vigae vyenyewe.

Fundi, huo mkeka wa joto ni kitu gani, na ninunue wa ukubwa gani?

Ni waya mwembamba uliopangwa kwa kupindapinda juu ya wavu wenye upana wa nusu mita hivi. Unene wake ni milimita tatu au nne tu, kwa hiyo haukulazimishi kukata milango sana. Umeme ukipita, waya unapata moto, na joto linapanda kupitia gundi hadi kwenye kigae. Madukani utakuta wa wati 150 kwa kila mita ya mraba na wa wati 200. Kwa bafu la ghorofani lililowekewa kizuia joto, wa 150 unatosha. Ule wa 200 wengi huuchukua kwa sakafu ya zege ya chini, ambako baridi ni kali zaidi.

Usipime chumba, pima nafasi iliyo wazi. Ondoa hodhi la kuogea, ondoa kabati lililokaa sakafuni, ondoa choo na sentimita kadhaa kukizunguka, maana skrubu za choo zimetoboa waya nyingi. Chumba cha mita za mraba 6 huenda kikabaki na 4 za kutandika. Waya uliofunikwa na kabati hauna pa kutolea joto, nao hujichemsha mpaka ukaungua. Ukijikuta katikati ya saizi mbili, chukua ndogo, kwa sababu waya wa joto haukatwi kamwe. Wavu ndio unaokatwa ili mkeka ugeuke ukutani. Ukifupisha waya, ukinzani wake unashuka, mkondo unapanda, na hapo umejitengenezea balaa chini ya sakafu. Waya usipite juu ya mwenzake pia.

Jirani yangu amelaza mkeka wake moja kwa moja juu ya zege. Nami nifanye hivyo?

Utawaka, lakini utakuwa unapasha joto ardhi ya Uingereza kwa pesa yako. Joto linaenda kokote penye baridi, na zege la chini lina baridi isiyokwisha. Tandika kwanza mbao za povu gumu lililopakwa saruji pande zote mbili, za milimita 6 au 10, uzigandishe kwa gundi ya vigae. Zikiwepo, sakafu huanza kupata joto baada ya nusu saa hivi. Zisipokuwepo, unaweza kusubiri saa kadhaa. Mteja akiniambia bajeti imebana, namshauri achukue thamostati ya bei nafuu kuliko kuziacha mbao hizi.

Kama sakafu ni ya mbao, hakikisha kwanza haibonyei ukitembea. Sakafu inayocheza hupasua vigae, iwe na waya au isiwe nao.

Mafundi wanasema "pima waya". Kunapimwa nini hasa?

Tuchukue mkeka wa mita za mraba 4 wa wati 150. Hizo ni wati 600. Kwa umeme wa volti 230, ukinzani wa waya huo ni omu 88 hivi, na utaukuta umeandikwa kwenye lebo pamoja na tofauti inayoruhusiwa. Shika mita upime ukiwa bado kwenye boksi, kabla hujaufungua, kwa sababu mkeka mbovu unarudishwa dukani siku hiyo hiyo. Pima tena ukishautandika. Pima ukishaufunika. Pima vigae vikishalala. Kila namba iandike kwenye kadi ya dhamana. Watengenezaji wengi hawakubali madai bila kadi iliyojazwa.

Omu peke yake haitoshi. Waya unaweza kuwa mzima ndani huku ganda lake limechunwa, na mita ikakusomea 88 vilevile. Kwa hiyo kuna kipimo cha pili, cha uzima wa ganda, kinachofanywa kwa kifaa cha volti 500 kati ya waya wa ndani na ule wa athi. Waya mpya wenye afya husoma namba kubwa mno, mara nyingi mpaka mwisho wa kipimo. Namba ikiporomoka baada ya mtu kupita na mwiko, acha gundi, tafuta kidonda kabla haijakauka.

Na mwiko ndio adui mkubwa. Ule wenye meno ya chuma, ukiusimamisha kidogo tu, ukingo wake unachuna ganda bila wewe kusikia kitu. Wengine hutumia mwiko wa plastiki. Mimi napendelea kumwaga juu ya mkeka mchanganyiko wa kusawazisha sakafu, milimita 10 hivi, ukalala usiku kucha. Kesho yake fundi vigae anafanya kazi kama kwenye sakafu yoyote. Kabla ya hapo usipige magoti juu ya waya, usitue ndoo ya gundi, wala usikatie kigae chumbani humo.

Sensa ya joto inakaa wapi?

Katikati ya mistari miwili ya waya, isiguse hata mmoja, ndani ya kibomba chembamba kilichozibwa mwisho. Kibomba hicho ni muhimu sana. Sensa hufa mapema kuliko waya. Ikiwa ndani ya kibomba unaivuta na kuingiza mpya, ikiwa imezikwa kwenye gundi unavunja vigae.

Angalia pia mahali waya wa joto unapoungana na ule wa kawaida unaopanda ukutani. Kiungo hicho kibaki sakafuni, kimezungukwa na gundi. Ukikipandisha ukutani kinakosa pa kupoea.

Naweza kuunganisha umeme mwenyewe?

Kutandika, ndiyo, ukiwa mtu makini. Kuunganisha, hapana. England na Wales, umeme wa bafuni unasimamiwa na Sehemu P ya kanuni za ujenzi. Fundi umeme aliyesajiliwa, kwa mfano na NICEIC au NAPIT, anathibitisha kazi yake na wewe unapata cheti, ambacho mnunuzi wa nyumba atakuja kukidai. Laini iwe na kinga inayokata umeme ukivuja miliampea 30, athi ya mkeka iunganishwe, na thamostati ikae nje ya bafu.

Je, itatosha kupasha chumba chote? Na bili?

Inategemea kuta. Sakafu iliyozidi joto la chumba kwa nyuzi 9 hutoa takriban wati 100 kwa kila mita ya mraba. Mita zako 4 zitakupa wati 400. Bafu dogo la nyumba mpya linaridhika; la nyumba kongwe yenye kuta mbili za nje halitaridhika, basi usiing'oe redieta.

Kuhusu bili, wati 600 zikiwaka mfululizo saa tatu ni uniti 1.8. Ukilipa peni 25 kwa uniti, ni peni 45 kwa siku, na kwa kuwa thamostati huzimazima, utalipa chini ya hapo.

Niwashe lini?

Si kesho, na kamwe usiwashe ili kukausha gundi. Tumia gundi inayonyumbulika, iliyoandikwa C2 na S1, usome mfuko wake: nyingi hutaka siku 7 hivi, na sakafu nene ya saruji hutaka hata 28. Kisha panda taratibu, nyuzi chache kila siku, ukaishie 27 hadi 29.

Ikizimika baada ya miaka?

Usishike nyundo. Anza na thamostati, halafu sensa, halafu pima omu ulinganishe na kadi yako. Kama waya umekatika kweli, wapo mafundi wenye vifaa vya kutafuta mahali penyewe, ikiwemo kamera ya joto. Wanainua kigae kimoja au viwili, wanaunga, wanarudishia. Watahitaji vitu viwili kutoka kwako: vigae vichache vya akiba vya toleo lilelile, na picha ya mkeka uliyoipiga kabla ya kuufunika, futi kamba ikiwa imelazwa kando yake.