Safari ya Mto Katuma

Leo tunajifunza habari za mto mdogo wa mkoani Katavi, Mto Katuma.

Mto huu huanzia nje ya hifadhi. Hupita penye mashamba ya mpunga, kisha huingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974. Masika hujaza Ziwa Katavi, mbuga ya Katisunga na Ziwa Chada. Tunayaita maziwa, lakini kiangazi ni nyasi tupu! Toka Chada maji huitwa Mto Kavuu, mpaka Ziwa Rukwa. Hapo ndiyo mwisho, maana Rukwa haina mto unaotoka.

Kiangazi Katuma hubaki vidimbwi. Viboko hubanana topeni kama abiria wa basi la gulio. Ngozi ya kiboko haistahimili jua, basi hawezi kuondoka. Madume hupigana, hata kuuana. Mamba nao hujificha kwenye mashimo ya kingo.

Si jua peke yake. Kule juu wakulima wamejenga mabanio na kuchimba mifereji ya mpunga. Hatuwalaumu. Sisi nasi ni wakulima, na mpunga bila maji ni majani tu. Lakini banio likiziba mto wote, wa chini hapati kitu, awe mnyama au mtu. Banio zuri huacha maji yapite hata Septemba.

Anayetaka kuchepusha maji ya mto huombа kwanza kibali cha ofisi ya bonde. Tena sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mto ndani ya mita 60 toka ukingoni. Huna futi kamba? Hesabu hatua 80 hivi za mtu mzima.