Kwanza Freni, Kisha Ponti

Somo la leo linahusu kamio za zamani. Nyingi zinapita mbele ya milango yetu kila siku, zikibeba makala, mahindi, mchanga na matofali. Wenye kamio hizo wengi ni watu wetu: ndugu, mashemeji, wazee waliokwisha kuacha kazi ya mgodi. Na wengi wao wanataka jambo moja: kamio ikimbie zaidi.

Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari. Jirani yangu mmoja alikuwa kati yao. Feza aliyopata karibu yote aliiweka katika kamio moja kuukuu. Kamio ilikuwa na nguvu, lakini haikuweza kupita kilomita 75 kwa saa, hata kwenye lami tambarare. Toka Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilomita 120. Mzee alitaka kwenda na kurudi na kubaki na saa za kupakia tena. Garaje moja ikamtafutia ponti nyingine, yenye meno ya mwendo, iliyotolewa kwenye kamio iliyokufa. Kazi ilichukua siku tatu. Nilipomwuliza, “Mzee, na freni je?”, alinijibu: “Freni zinashika, mwanangu. Zimeshika miaka yote.”

Alikuwa anasema kweli. Zilishika miaka yote kwa sababu kamio ilikuwa haikimbii.

Mwezi wa pili baada ya kazi ile, alikuwa anateremka karibu na Likasi, amejaza mahindi. Alikanyaga freni mara ya kwanza, ikashika. Mara ya pili ikashika kidogo, harufu ya kuungua ikaingia katika kabini. Mara ya tatu mguu uliteremka na kamio haikusikia neno. Akajaribu kurudisha vitesi ya chini. Akatoa ile ya juu, lakini ile ya chini ikakataa kuingia, kwa kuwa kamio ilikuwa imekwisha kupata mwendo mkubwa. Hapo hakuwa na freni wala injini. Kilichomponya ni kichuguu, vile vichuguu vikubwa vya Katanga ambavyo wageni huvipiga picha. Aliipeleka kamio ndani yake. Kijana msaidizi wake alivunjika mguu. Kamio haikutengenezwa tena, na feza ya miaka mingi ya mgodi ilibaki pale pamoja na mahindi.

Tuone sasa kwa nini.

PONTI INAFANYA KAZI GANI?

Ponti ni ule mtambo mzito wa chuma unaobeba magurudumu ya nyuma. Katikati yake kuna tumbo kubwa. Ndani ya tumbo hilo kuna meno mawili yanayokulana: dogo, mafundi wanaliita pinyo, na kubwa, wanaliita kurone. Mti wa kadani, unaotoka mbele kwenye bwati ya vitesi, unazungusha pinyo. Pinyo inazungusha kurone. Kurone inazungusha magurudumu.

Hesabu meno. Tuseme pinyo ina meno 8 na kurone ina meno 48. Gawanya 48 kwa 8: unapata 6. Maana yake kadani inazunguka mara 6 ili gurudumu lizunguke mara 1. Injini ikizunguka mara 2.200 kwa dakika, na vitesi ya juu ikiwa inapeleka moja kwa moja, gurudumu linazunguka karibu mara 367. Gurudumu kubwa la kamio linakwenda karibu mita 3,4 kila mzunguko. Fanya hesabu mwenyewe: ni kilomita 75 kwa saa. Hiyo ndiyo kamio ya jirani yangu.

Sasa weka kurone ya meno 40 na pinyo ya meno 8. Unapata 5. Injini ileile, mizunguko ileile, lakini kamio inakwenda karibu kilomita 90 kwa saa. Mwenyewe anafurahi. Mafuta nayo yanapungua kidogo barabarani, si uongo.

Lakini hakuna kitu cha bure katika mashini. Ile namba 6 ilikuwa inazidisha nguvu ya injini mara sita kabla ya kufika kwenye gurudumu. Sasa inazidishwa mara tano tu. Kwenye mlima utapungukiwa na sehemu moja ya sita ya nguvu, na shofere atachoma ambreyaji akilazimisha. Na hapa ndipo watu wengi hawaoni: kwenye mteremko pia. Ukitoa mguu kwenye aksereta, injini inakuwa freni. Nguvu yake ya kushika inapita katika meno yaleyale, nayo inapungua vilevile. Tena, kwa mwendo uleule, injini sasa inazunguka polepole zaidi, na injini inayozunguka polepole inashika kidogo. Kwa hiyo umeondoa freni moja ambayo hukujua kwamba unayo.

Jambo jingine ni dogo, lakini limedanganya mashofere hodari. Katika kamio nyingi za zamani, saa ya mwendo inapata kipimo chake kwenye bwati ya vitesi, mbele ya ponti. Ponti ikibadilishwa, saa haijui. Itakuonyesha 75 wakati unakwenda 90. Fundi lazima abadilishe kile kijino kinachoendesha waya wa saa, au atengeneze saa yenyewe. Asipofanya hivyo, shofere ataapa kwa polisi kwamba hakukimbia, naye ataapa kwa moyo safi.

MOTO UNAKWENDA WAPI?

Freni haimezi mwendo. Inaugeuza kuwa moto. Kamio yenye tani 15 pamoja na mzigo, ikisimamishwa kutoka mwendo wa 75, inatoa moto unaotosha kuchemsha karibu lita 10 za maji baridi. Ikisimamishwa kutoka 90, ni lita 14. Mama anayeweka maji ya bukari kwenye mbabula anajua inataka makala na dakika ngapi kuchemsha maji hayo. Tamburi za freni zinapokea moto huo wote kwa muda wa sekunde chache.

Angalieni vizuri: mwendo umeongezeka kwa sehemu moja ya tano, lakini moto umeongezeka karibu kwa nusu. Ndiyo sababu shofere hawezi kusema, “Nimeongeza kidogo tu.”

Tamburi ikipata moto, inapanuka na kukimbia mbali na garnitire. Garnitire nazo zikiungua zinateleza. Hewa inasukuma, kikono kinavuta mpaka mwisho, na hakuna kinachoshika. Ukiacha kamio ipoe nusu saa, freni zitarudi kama vile hakuna kilichotokea. Hapo shofere anasema ni mambo ya uchawi. Si uchawi.

KAZI INAANZIA KWENYE FRENI

Kama umeamua kubadilisha ponti, tengeneza kwanza freni, jaribu kamio kwa meno yake ya zamani, kisha fungua ponti. Garaje ikikuambia freni zitakuja mwezi ujao, mwambie kwamba ponti pia itakuja mwezi ujao.

Njia iliyo bora, kwa maoni yangu, ni kununua ponti nzima kutoka kamio nzito zaidi, pamoja na tamburi zake pana, vikopo vyake vya hewa na vikono vyake. Tamburi pana ina chuma kingi cha kupokea moto. Kununua tumbo peke yake, na kuacha magurudumu yabaki na freni nyembamba za zamani, ndilo kosa la jirani yangu. Pima kwanza kama springi, mashimo ya magurudumu na urefu wa kadani vinakubali. Kama kamio ina ponti mbili za nyuma zinazovuta, zote mbili lazima ziwe na hesabu moja. Ukiweka 5 kwenye moja na 6 kwenye nyingine, zitapigana, na chuma kitavunjika katikati.

Ukibaki na freni zako, angalia tamburi. Katika nyingi, kipimo kikubwa kabisa kinachoruhusiwa kimepigwa kwenye chuma chenyewe. Ikipita hapo, ni ya kutupa, hata kama inang'aa. Ufa mrefu unaofika ukingoni, tupa. Garnitire za kushoto na za kulia ziwe za namna moja na za siku moja. Kuna wanaobadilisha upande mmoja kwa kuokoa feza. Kamio ya namna hiyo inavuta kwenda upande wa pili siku ya mvua.

Vikopo vya hewa vinatofautiana ukubwa. Kutoka namba 24 kwenda namba 30, nguvu inaongezeka kwa robo. Lakini usiongeze nyuma peke yake bila kuuliza fundi anayejua hesabu: kamio ikiwa tupu, magurudumu ya nyuma yatafunga, na mkia utakuja mbele. Vikono vinavyojikaza vyenyewe ni vizuri kuliko vya kukaza kwa ufunguo, kwa sababu msaidizi aliyechoka anasahau, lakini kikono hakisahau. Hata hivyo vipime.

Kamio nyingi za zamani zina njia moja tu ya hewa. Mpira mmoja ukipasuka, freni zote zimekwenda. Badilisha ziwe njia mbili: mbele peke yake na nyuma peke yake, kila moja na tanki lake na valve ya miguu yenye vyumba viwili. Pamoja na hiyo weka freni za springi, zile zinazoshika zenyewe hewa ikiisha. Katika kazi hii yote, hapa ndipo feza yako inanunua uzima zaidi.

Lakini freni ya springi inaweza kumwua fundi. Ndani ya kikopo springi imekandamizwa kwa nguvu inayokaribia tani moja. Kabla ya kukigusa, ingiza bolti yake ya kufungia springi na ukaze mpaka mwisho. Kikopo chenye kutu, ambacho bolti haiingii, hakifunguliwi. Kinatolewa kizima, na hakuna anayekipiga nyundo kuona kilicho ndani.

Kurone na pinyo zinauzwa pamoja kwa sababu zilikwaruzana pamoja kiwandani, na mara nyingi zina alama moja. Usioe pinyo ya huku na kurone ya kule. Fundi apake rangi kwenye meno, azungushe, aone alama inakaa katikati ya jino, si ncha wala mzizi. Mafuta yawe yale ya ponti hasa, si ya injini, na yabadilishwe mapema baada ya safari za kwanza, maana chuma kipya kinaacha unga.

VUMBI LA FRENI NA WATU WA NYUMBANI

Sasa ninasema na mafundi na wake zao. Garnitire za zamani zilitengenezwa kwa amianti. Ufaransa iliikataza mwaka 1997, nchi zote za Umoja wa Ulaya mwaka 2005, Afrika Kusini mwaka 2008. Kamio yako inaweza kuwa nzee kuliko sheria hizo, na garnitire zake pia. Vumbi lake ni nyuzi ndogo ambazo jicho halioni. Zinaingia katika mapafu na hazitoki. Ugonjwa unaweza kuja baada ya miaka 20, 30 au zaidi: pumzi fupi, au kansa.

Kwa hiyo usipulize tamburi kwa hewa ya kompresa. Ninajua kila garaje inafanya hivyo. Lowesha kwanza kwa maji yenye sabuni kidogo, futa kwa kitambaa, kitambaa weka katika mfuko na ufunge. Usisugue garnitire kwa msasa mkavu. Salopeti ya kazi ivuliwe kazini. Ikifika nyumbani, mama asiikung'ute mlangoni mbele ya watoto. Ailoweshe ndani ya maji kabla ya kuifua, tena peke yake, mbali na nguo za watoto.

KABLA YA KUPAKIA

Kila asubuhi toa maji katika matanki ya hewa. Washa injini mpaka saa ya hewa ifike 7 au 8, kufuata kipimo cha kamio yako. Weka magogo chini ya magurudumu, achia freni ya mkono, zima injini, kanyaga freni na ushikilie. Sindano ikishuka zaidi ya 0,2 kwa dakika, kuna mahali panapovuja. Msaidizi azunguke na kusikiliza.

Safari ya kwanza baada ya kazi iwe ya kamio tupu, kwenye barabara tambarare isiyo na watu. Simama mara tano, shuka, sogeza mkono karibu na tamburi bila kugusa. Moja ikiwa na moto na mwenzake baridi, ile baridi ndiyo haifanyi kazi. Safari ya pili, nusu ya mzigo. Na kwenye mteremko, vitesi ya chini iingie juu kabla ya kuteremka, moja chini kuliko ile uliyozoea na ponti ya zamani.

Jirani yangu sasa anakaa nyumbani. Yule kijana msaidizi alipona, naye leo ni shofere wa kamio ya mtu mwingine. Wiki iliyopita alikuja kuniuliza bei ya vikopo namba 30. Nilimwuliza kwanza tamburi zake zina upana gani, akarudi kupima.