KUHAMA CHUO ILI USOMEE MAWASILIANO: YALIYOMPATA DADA YANGU

Wahariri wameniomba niandike juu ya swali ambalo limekuwa gumzo bwenini tangu matokeo ya KCSE yalipotoka. Je, mtu akipelekwa chuo asichokitaka, kusomea kozi asiyoipenda, anaweza kuhamia chuo kikuu kile kikubwa akasomee mawasiliano na uanahabari? Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, nusu ya chama hiki wanataka kuwa watangazaji (na ile nusu nyingine inasema haitaki, lakini ngojeni siku ya kumteua msomaji wa taarifa kwenye gwaride, ndipo mtakapoiona). Pili, jambo hili limepita nyumbani kwetu, na moshi wake haujaisha.

Dada yangu alisoma shule hii hii na alikuwa mwenyekiti wa chama chetu. Matokeo yake yalikuwa hivi: Kiswahili A-, yaani alama 11, Historia B+, alama 10, Dini B+, alama 10, Kiingereza B, alama 9, Biashara B, alama 9, Biolojia B-, alama 8, na Hisabati C, alama 6. Kemia aliianguka, na kwa bahati haikuhesabiwa kwa sababu huchukuliwa masomo saba tu. Jumla alama 63 kati ya 84, wastani wa B. Tulichinja jogoo.

Sasa hapa ndipo penye somo, kwa hivyo tulieni kidogo. KUCCPS, shirika lililochukua nafasi ya ile bodi ya zamani ya JAB baada ya sheria ya vyuo vikuu ya mwaka wa 2012, halitazami wastani peke yake. Gredi ya C+ hukufungulia njia ya shahada, lakini haikupi kozi. Kinachokupa kozi ni alama za klasta, yaani alama za masomo manne yanayohusiana na kozi hiyo, zikiunganishwa na jumla ya yale masomo saba. Jibu huandikwa juu ya 48. Katika klasta ya uanahabari na mawasiliano, somo la kwanza ni Kiingereza AU Kiswahili, lile ulilopita zaidi. La pili ni Hisabati au sayansi. La tatu ni somo moja la jamii kama Historia, Jiografia au Dini. La nne lina uhuru zaidi, hata somo la pili la jamii huingia.

Walimu wengi hukadiria hivi. Gawanya alama za masomo manne kwa 48, na zile za masomo saba kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha uzidishe kwa 48. Dada alikuwa na Kiswahili 11, Biolojia 8, Historia 10 na Dini 10, jumla 39. Fanya hesabu, utapata karibu 37.47. Lau angehesabiwa Kiingereza chake cha 9, ile 39 ingekuwa 37, na jibu lingeshuka hadi 36.50. Karibu alama nzima! Wale wanaosinzia katika kipindi cha Isimujamii wakisema Kiswahili hakimpeleki mtu popote, waisome tena aya hii. (Haya ni makadirio, alama zenyewe zitakazokuhusu ni zile KUCCPS itakazokuonyesha ukiingia katika ukurasa wako.)

Basi Dada akaketi mbele ya kompyuta kuchagua kozi. Akatazama chuo kikuu kimoja cha jijini, shahada ya uanahabari. Pembeni pameandikwa alama ya kuingilia ya mwaka uliotangulia. Ilikuwa juu ya alama zake, kwa nukta chache tu. Akaogopa. Jirani mmoja mwalimu akamshauri, "Usijitie kitanzi, chagua mahali utakapopata hakika." Akaweka kilimo-biashara katika chuo kikuu kingine, mbali na jiji. Uanahabari hakuuandika hata mara moja.

Kosa lilikuwa hapo, wala hakuna mtu aliyeliona. Alama ya kuingilia haiwekwi na chuo kabla ya watu kuomba. Ni alama ya mwanafunzi wa mwisho kupata nafasi mwaka ule. Wakiomba wengi wenye alama za juu, inapanda; wakiogopa wengi kama Dada, inashuka. Ile unayoiona ukichagua ni ya mwaka uliopita, habari ya watu wengine. Orodha ilipotoka, alama ya uanahabari katika chuo kile cha jijini ilikuwa imeshuka chini ya 37. Dada alikuwa amefuzu kuingia mahali ambapo hakuomba.

Siku ile alilia mpaka Baba akatoka nje kumtazama. "Nyamaza mama," Baba akamwambia, "si wanasema watu huhama?"

Ni kweli watu huhama, lakini tusilichanganye neno hili. Kuna kuhama kutoka kitivo hadi kitivo ndani ya chuo kimoja. Hilo hushughulikiwa na chuo chenyewe, kwa kawaida katika wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza, na huanzia kwa msajili. Halafu kuna kuhama kutoka chuo hadi chuo. Hilo hupitia KUCCPS, ambayo hutangaza siku za kufungua na kufunga maombi baada ya orodha kutoka, na vyuo vyote viwili huhusishwa. Masharti makubwa ni mawili: uwe umefikisha alama ya kuingilia ya kozi unayoihamia kwa mwaka ule ule uliopangiwa wewe, na chuo unachokwenda kiwe na nafasi. Sharti la kwanza watu wote hulikariri. La pili hulisahau.

Katika mkutano wetu wa muhula wa pili mwanachama mmoja wa kidato cha tatu alisimama akapinga: "Lakini Katibu, Marekani watu huhama wakiwa mwaka wa tatu, na wanaingia vyuo vikubwa kabisa!" Hakukosea, ila huo ni utaratibu mwingine kabisa. Chukua jimbo la California. Tangu mpango wa elimu ya juu wa jimbo hilo wa mwaka wa 1960, vyuo vya jamii vya miaka miwili vimewekwa kuwa ngazi ya kupandia chuo kikuu. Mwanafunzi anaanza, tuseme, Santa Monica College, anakusanya yunite 60 za muhula, halafu anaomba kuingia Chuo Kikuu cha California mwaka wa tatu. Kule Los Angeles, yaani UCLA, ambako mawasiliano ni kozi ya kugombaniwa, miaka ya karibuni waombaji wa mwaka wa kwanza hukubaliwa chini ya mmoja kati ya kumi, ilhali wanaohamia hukubaliwa kiasi cha mmoja kati ya wanne. Na wanachotazamwa ni masomo waliyofanya chuoni. Kwetu Kenya, yule anayehama kupitia KUCCPS hutazamwa KCSE ile ile. Hata ungeongoza darasa lako la kilimo-biashara, hilo halibadilishi Biolojia yako ya B-. Kwa hivyo anayekwambia, "Nenda tu, utahama ukifika," muulize anazungumzia nchi gani.

Turudi kwa Dada. Karibu na stendi kuna saiba, na mhudumu wake alijulikana kwa kuwasaidia wanafunzi. Akamwambia Dada, "Leta elfu tatu, mimi nitakupangia huo uhamisho, nina watu." Mama akauza mahindi debe kadhaa. Mhudumu akapewa pesa, akapewa na neno la siri la kuingilia ukurasa wa Dada. Kila tukienda kuuliza, "Inashughulikiwa." Wiki ya pili Dada akaazima simu ya mjomba ajaribu kuingia mwenyewe. Neno la siri lilikuwa limebadilishwa.

Sitaki kueleza maneno aliyosema Baba pale stendi. Itoshe kusema kwamba saiba ilifungwa mapema siku ile, na pesa hazikurudi. Dada alipanda matatu alfajiri hadi Huduma Centre, kwenye dawati la KUCCPS, na kitambulisho chake pamoja na karatasi ya matokeo. Wakamfungulia ukurasa upya. Hakukuwa na ombi lolote ndani yake. Zilikuwa zimebaki siku mbili maombi yafungwe, naye akajaza mwenyewe pale pale, kwa dakika zisizozidi ishirini. Ada ya ombi lenyewe ilikuwa sehemu ndogo tu ya zile elfu tatu.

Majibu hayakuja upesi. Tarehe ya kuripoti katika chuo cha kwanza ikafika, na hapo nyumbani tukagawanyika. Mama alisema asiende, maana akienda ataonekana amekubali. Baba alisema aende, kwani nafasi ukiiacha utakosa huku na huku. Akaenda na sanduku lake, na nadhani Baba alikuwa na haki. Wiki ya tatu akiwa darasani ujumbe ukaingia: ombi halikukubaliwa, nafasi zimejaa. Alama alikuwa nazo. Viti ndivyo havikuwapo, kwa sababu walioomba tangu mwanzo ndio waliokalia.

Jambo hilo ndilo ninaloomba mlishike. Anayeomba kozi mara ya kwanza hupimwa kwa alama zake na kushindana na wenzake. Anayehama hugawiwa yaliyobaki, kama yamebaki. Dada alitoka kundi la kwanza kwa hofu, akaenda kupanga foleni katika kundi la pili.

Kuna njia nyingine, nisije nikawavunja moyo. Mwenye C- anaweza kuanza na stashahada. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya, KIMC, imefundisha watangazaji na mafundi wa mitambo tangu mwaka wa 1961, na wengi wa wale tuliozoea kuwasikia walipitia pale. Kutoka stashahada mtu huomba shahada, na chuo huamua ni masomo gani kitamhesabia. Hapa ndipo tunakaribiana kidogo na wale wa California, kwa maana matokeo yako ya chuoni yanaanza kukusemea. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kimefundisha uanahabari tangu mwaka wa 1970, lakini si hicho peke yake. Moi wana mawasiliano, Maseno wana, Masinde Muliro wana, na Daystar wamejijengea jina kwa somo hilo. Nimeona watu wakikataa kozi ile ile waliyoipenda kwa sababu tu haiko jijini. Hao sijui wanapenda mawasiliano au wanapenda Nairobi.

Na ukifaulu kuhama, usisahau mambo ya fedha. Wajulishe HELB na Hazina ya Vyuo Vikuu, uhakikishe jina la chuo kipya limeingia kwenye rekodi zao, na barua ya uhamisho uitunze nakala. Neno la siri usimpe mtu, hata kama ana tai.

Dada yuko mwaka wa pili wa kilimo-biashara sasa. Hajaacha. Likizo iliyopita alikuja na kipaza sauti kidogo cha simu, akawa anazunguka kijijini akiwahoji wakulima wa parachichi kuhusu madalali, kisha anarusha sauti hizo kwa kikundi chao cha chuoni. Nilimuuliza kama bado anaumia. Akasema, "Naumia nikisikia taarifa ya saa moja, mdogo wangu. Hapo tu." Kisha akaniuliza kama chama chetu kina neno zuri la Kiswahili la yule mtu anayenunua mazao shambani kabla hayajaiva, maana "dalali" halimtoshi. Sikuwa nalo. Mwenye nalo alilete Ijumaa.

Mimi mwenyewe nitafanya mtihani mwaka huu. (Sisi wa 8-4-4 tunakaribia mwisho, kwani KCSE ya mwisho ni ya 2027, na wadogo zetu walioanza Gredi ya 10 mwaka wa 2026 watapimwa kwa njia yao.) Katika mtihani wa majaribio makadirio yangu ya klasta yalikuwa 35 na nukta. Uanahabari katika chuo ninachokitaka ulifungwa juu ya hapo mwaka jana. Nimeuandika wa kwanza katika karatasi niliyobandika ndani ya mlango wa sanduku langu, na kilimo-biashara cha tatu. Baba ameiona. Amesema tutaongea Desemba.