Kifaduro na Mtoto Asiyechanjwa
Katika kauli zinazosikika barazani, hakuna iliyo nyepesi kusadikiwa, wala iliyo na hatari zaidi, kuliko ya mzazi asemaye kwamba mwanawe hakuchanjwa na hata hivyo hajapata kuugua kifaduro, basi bila shaka ana kinga ya maumbile. Aghalabu mtoto huyo hana kinga yoyote. Alicho nacho ni stara ya watoto wa jirani waliochanjwa, ambao maradhi yakiwafikia hukosa njia ya kupita hadi kwake.

Bakteria wa kifaduro, ambaye Jules Bordet na Octave Gengou walimtambua mjini Brussels mwaka 1906, husafiri katika matone ya kikohozi na chafya, na wasio na kinga wakikaa nyumba moja na mgonjwa, wanane au tisa katika kila kumi huweza kuambukizwa. Hila yake ni kwamba wiki moja au mbili za mwanzo, ambapo huambukiza mno, hujifanya mafua tu, na mgonjwa huachwa alale kitanda kimoja na nduguze. Baadaye ndipo kikohozi huja mfululizo hata pumzi ikamwishia, akaivuta kwa mlio mrefu, kisha akatapika. Ama kichanga huenda asitoe mlio wowote: hukata pumzi, midomo ikageuka rangi, na hapo mama asingoje kupambazuke.

Wako pia wasemao, mtoto na augue mara moja ili asalimike maisha yake yote. Surua ndiyo iliyo hivyo. Kifaduro sivyo, kwani kinga ya aliyeugua hufifia baada ya miaka kadhaa, kama ifanyavyo ile ya chanjo, na ndiyo sababu bibi mwenye kikohozi kisichokoma aweza kumwambukiza mjukuu aliye mapajani mwake. Faida kubwa ya chanjo ni kumvusha mtoto miezi ile ya mwanzo ambayo kifaduro huua zaidi.

Japani mwaka 1974 ilihesabu wagonjwa 393, wala hapakuwa na kifo. Majira yale ya baridi watoto wawili wakafariki baada ya kuchanjwa, serikali ikasimamisha chanjo kwa muda, na ingawa ilirejeshwa, wazazi walikwisha ingiwa na hofu (nani angewalaumu?), hata mwaka 1976 ni takriban mtoto mmoja katika kumi aliyechanjwa. Mwaka 1979 wagonjwa walipindukia 13,000, na 41 wakafariki.

Tanzania na Kenya chanjo hii hutolewa pamoja na ya dondakoo na pepopunda, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Aliyepitwa na siku hizo apelekwe kliniki na kadi yake. Dozi alizokwisha pata hazirudiwi, huendelezwa pale zilipokomea. Na penye mgonjwa wa kifaduro, wakazi wote wafike zahanati hata kama hawajaanza kukohoa, kwani yawezekana wakapewa dawa ya kuzuia, na kichanga atengwe naye mpaka mgonjwa atimize siku 5 za antibiotiki.