SOMO LA TAWI: BASTOLA HAIMZUII MBOGO

Ndugu wafanyakazi,

Katika mikutano ya matawi kuna swali linalorudi kila mara. Wenzetu wanaolinda usiku kwenye miwa na chai wanauliza: "Tuchange fedha tununue bastola? Ipi ni nzuri, na ya risasi gani?" Swali hili si la kuchekwa. Anayeuliza anakaa gizani peke yake ili sisi tukute shamba salama asubuhi. Basi tujifunze jambo hili hatua kwa hatua, kisha kila tawi lijadili.

KISA CHENYEWE

Katika shamba moja la miwa hapa Uganda, ambalo sitalitaja, mbogo aliingia usiku. Msimamizi wa askari alikuwa na bastola yenye kibali. Akapiga risasi tatu. Mbogo hakuanguka, aliingia ndani ya miwa. Asubuhi nyampara akawapeleka wakataji kwenye kipande kile kile, wala hakuna aliyewaambia habari ya usiku. Mwenzetu mmoja alichomwa pembe pajani. Tulipokwenda ofisini tukajibiwa: "Askari wana bastola, mnataka nini zaidi?" Jibu hilo ndilo linalonifanya niandike somo hili.

1. NGUVU YA RISASI

Risasi nzima ina ganda, fataki, baruti na kichwa. Kinachompiga mnyama ni kichwa. Nguvu yake hutokana na uzito wake na mwendo wake, nayo hupimwa kwa jouli. Tazameni tofauti:

– Bastola ya milimita 9: kichwa cha gramu 8, nguvu karibu jouli 500.
– Rivolva ya .44 Magnum, iliyotolewa Marekani mwaka 1955: kichwa cha gramu 15 hivi, karibu jouli 1,400.
– Bunduki ya AK: kichwa cha gramu 8 chenye mwendo mkubwa, karibu jouli 2,000.
– Bunduki ya uwindaji ya .375, iliyotolewa London mwaka 1912: kichwa cha gramu 19, zaidi ya jouli 5,500.
– Bunduki ya .458, iliyotolewa Marekani mwaka 1956: kichwa cha gramu 32, zaidi ya jouli 6,000.

Mbogo dume huweza kufika kilo 700 au zaidi. Kiboko hupita kilo 1,500. Ndovu dume huweza kufika kilo 6,000. Wawindaji wazoefu huhesabu .375 kuwa kipimo cha chini kwa wanyama hawa, na nguvu yake ni zaidi ya mara kumi ya bastola ya milimita 9.

2. AINA YA KICHWA

Kichwa laini, au chenye tundu mbele, hufumuka kikigonga nyama. Hicho kinafaa kwa mnyama wa ngozi nyembamba kama chui. Kwa mnyama mnene hufumuka mapema, kikaishia kwenye nyama ya juu. Kwa hiyo mbogo, kiboko na ndovu hupigwa kwa kichwa kigumu kinachopenya bila kufumuka. Mbogo dume ana pembe nene zilizofunika paji la uso kama ngao. Ubongo wa ndovu uko nyuma sana, mbele yake kuna mfupa mnene wenye vyumba kama sega la nyuki. Risasi ya bastola ikiishia humo, umempa hasira na maumivu tu. Na mbogo aliyejeruhiwa ana tabia ya kujificha kichakani akamngoja anayemfuata.

3. WANAOBEBA BASTOLA WANASEMAJE?

Huko Alaska, Marekani, watu wa misitu na wavuvi hubeba rivolva kubwa kama .44 kwa ajili ya dubu. Huchagua vichwa vizito na vigumu, na hufanya mazoezi ya kulenga. Hubeba bastola kwa sababu mikono yao ina kazi nyingine. Ni silaha ya dakika ya mwisho.

Hata huko, wataalamu Tom Smith na Stephen Herrero walitoa mwaka 2008 uchunguzi kuhusu dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa pilipili. Iliwazuia dubu wa kahawia mara 92 katika kila 100. Msichukue hesabu hiyo kuipeleka kwa mbogo, kwa maana dubu si mbogo. Lakini tunajifunza kwamba wenye silaha nzuri kuliko zetu nao wanatafuta njia nyingine.

Tena kumbukeni muda. Mbogo hukimbia kilomita 50 kwa saa. Akitoka mita 20, anakufikia kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Ndani ya muda huo, gizani, utoe bastola, ulenge na upige pasipokosa?

4. SHERIA

Kwa Sheria ya Silaha ya 1970, silaha hutaka kibali cha serikali. Tawi haliwezi kuchanga na kununua bunduki ya wote, na gobori la kutengeneza nyumbani litakupeleka gerezani. Sheria ya Wanyama Pori ya 2019 nayo ina adhabu kali kwa anayeua mnyama isivyo halali. Msitumie mchango wenu kununua kesi.

5. TUDAI NINI BADALA YAKE?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 imemwekea mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi kazini. Basi mzigo huu si wa mfuko wa askari. Tudai haya:

(a) Askari wa usiku wawe wawili wawili, na tochi kali, filimbi na simu yenye salio.
(b) Mnara au kibanda cha juu penye njia ya wanyama.
(c) Shimo refu au uzio upande wa hifadhi. Wakulima wanaopakana na msitu wa Kibale wamechimba mashimo ya namna hiyo kuzuia ndovu. Pilipili na mizinga ya nyuki pia husaidia.
(d) Mnyama akionekana, kazi isimame kipande hicho, na askari wa Mamlaka ya Wanyama Pori (UWA) waitwe. Wao wana mafunzo na ruhusa.
(e) Habari ya usiku iandikwe na isomwe asubuhi kabla panga halijainuliwa.

Na wewe mwenyewe: usisimame kati ya kiboko na maji, usimfuate mnyama mwenye damu, usimpige mawe ndovu.

6. AJALI IKITOKEA

Andika siku, saa, mahali na mashahidi. Peleka taarifa kwa mwajiri na kwa chama siku hiyo hiyo. Kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2000, aliyekufa kwa ajali ya kazi akiacha wanaomtegemea, fidia yake ni mshahara wa miezi 60. Sheria ya 2019 nayo imeweka fidia kwa madhara ya ndovu, simba, chui, mamba, mbogo, fisi, kiboko, gorila na sokwe. Mwenzetu wa pajani hakuandikiwa taarifa siku ile, na hilo lilituchelewesha sana.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwetu wanyama hupita wapi, na saa ngapi?
2. Nani huwaambia wakataji habari za usiku?
3. Katika madai (a) hadi (e), lipi tulipeleke kwanza, na nani atalipeleka?

Bastola moja humlinda mtu mmoja, tena kwa shida. Madai ya tawi zima huwalinda wote.