Shule ya Kigeni na Malezi ya Nyumbani

Somo la jamaa za Kikristo. Soma kwanza: Danieli 1:1–17, Kumbukumbu la Torati 6:4–9, Luka 14:28–30.



Washirika wa Buhongwa na wa mitaa mingine ya Mwanza wametuuliza mara nyingi: Je, yafaa Mkristo kumpeleka mtoto wake katika shule ya Kikristo ifuatayo mtaala wa Uingereza? Wengine huuliza kwa hamu, wengine kwa hofu. Basi na tulichungue jambo hili mbele ya Neno la Mungu, tusifuate maneno ya sokoni.

1. Shule hizi ni za namna gani?

Wazazi wengi huzichanganya shule za namna tatu. Kwanza ziko shule za msingi za Serikali, ambazo karibu zote hufundisha kwa Kiswahili. Pili ziko shule za watu binafsi na za makanisa zifundishazo kwa Kiingereza, lakini mtaala wao ni wa Tanzania, na watoto wao hufanya mitihani ya Baraza la Mitihani la Taifa. Tatu ziko shule za kimataifa zifuatazo mtaala wa Uingereza. Hizo hazimalizi kwa mtihani wa kidato cha nne wala cha sita, bali kwa mitihani ya Cambridge: ule uitwao IGCSE, mtoto akiwa na umri wa miaka 16 hivi, na ule wa A Level, akiwa na miaka 18 hivi. Kijana mwenye vyeti hivyo akitaka kuendelea na masomo humu nchini, hana budi kuviombea ulinganifu kwa Baraza letu. Basi mzazi asikiapo neno “Kiingereza” asikimbilie kulipa ada. Na aulize kwanza: Mtaala ni upi? Mtihani wa mwisho ni wa nani?

Mfano wa shule za namna ya tatu twauona papa hapa Mwanza. Shule ya Isamilo ilianzishwa mwaka 1956, nayo ni ya ndugu zetu wa Kanisa la Anglikana. Mitihani ya Cambridge yenyewe si mgeni kwetu, maana wazee wetu waliosoma sekondari zamani za Waingereza waliifanya. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 sheria ikaliweka Baraza letu la Taifa. Hivyo njia iliyokuwa moja ikawa mbili.

2. Danieli katika shule ya Babeli

Danieli na wenzake walifundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo muda wa miaka mitatu, wakapewa na majina mapya. Angalieni, hawakukataa elimu ile. Walikataa kutiwa unajisi tu, naye Mungu akawapa maarifa katika elimu yote. Kwa hiyo hatuwezi kusema ya kwamba lugha ngeni ni dhambi, au kwamba hisabati ya Cambridge humwondoa mtu kwa Kristo.

Lakini na tujiulize: Danieli alipata wapi nguvu ya kusema “hapana” mbele ya chakula cha mfalme? Hakuipata Babeli. Aliondoka nyumbani akiwa nayo, na hata alipokuwa mzee alifungua madirisha yake kuelekea Yerusalemu akaomba mara tatu kila siku. Shule ilimwongezea; msingi ulikwisha kuwekwa.

3. Jambo tuliloliona

Jioni moja tulikaribishwa kwa mshirika wa Buhongwa aliyekuwa ameuza ng'ombe wake ili mwanawe asome katika shule ya namna hiyo. Baada ya chakula, bibi wa mtoto alileta Biblia yake ya Kiswahili, akasema, “Mjukuu wangu, macho yangu hayaoni tena herufi. Nisomee.” Mtoto akasoma kwa taabu, akikwama karibu kila neno. Kisha akaomba ruhusa asome katika kitabu chake cha Kiingereza, akasoma bila kusita, hata baba yake akatabasamu kwa furaha. Bibi akanyamaza kidogo, akasema, “Amesoma vema, lakini mimi sikusikia kitu.”

Baba akainamisha kichwa. Akatuambia, “Baba Mchungaji, nilidhani nimekwisha lipa.”

Ndugu, shule ile haikukosa. Ilitenda kazi iliyoahidi. Kazi iliyobaki ilikuwa ya nyumbani, nayo haikutendwa.

4. Tuliyofundishwa na Luther

Mwaka 1524 Dr. Martin Luther aliwaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani, akiwasihi waweke shule za Kikristo, na watoto wafundishwe lugha za kigeni, kwa kuwa kwa lugha hizo Injili huhifadhiwa. Lakini mtu huyo huyo alilitia Agano Jipya katika lugha ya watu wake mwaka 1522, na Biblia nzima mwaka 1534. Na mwaka 1529 alipoiandika Katekisimo Ndogo, kazi ya kuwafundisha watoto alimpa baba wa nyumba. Hakumwachia mwalimu wa shule peke yake.

Basi jina la Kikristo mlangoni pa shule halimwondolei mzazi agizo la Kumbukumbu la Torati. Shule ya kutwa humrudisha mtoto kila jioni, na jioni hiyo ni yetu.

5. Kuhesabu gharama

Bwana wetu alisema habari za mtu ajengaye mnara. Ada ya shule hizi hulipwa miaka mingi, wala si mwaka mmoja. Katika shule za Serikali ada ya msingi iliondolewa mwaka 2001, na ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016. Mzazi asiyeweza ada kubwa asione haya, wala asiwanyime watoto watano haki yao ili mmoja asifiwe. Naye aliyejaliwa kuweza asimdharau jirani yake.

Yule baba wa Buhongwa hakumwondoa mwanawe shuleni. Alianza kusoma naye mistari mitano ya Kiswahili kila jioni, naye bibi humweleza kwa Kisukuma. Tulipowazuru tena, mtoto alisoma polepole, na bibi aliitikia kila mstari.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Danieli alikubali nini, na alikataa nini?
2. Tukimlipia mtoto ada, ni kazi gani isiyoweza kulipiwa?
3. Je, mtoto wetu aweza kumsomea bibi yake Neno la Mungu, bibi akasikia?