Mfenesi wa Kubebesha

Tazama mfenesi. Matunda yake hayaning'inii kwenye vijiti vyembamba kama maembe. Hutoka kwenye shina na matawi manene, maana ni mazito mno. Fenesi moja laweza kupita kilo 20. Asili ya mti huu ni India ya kusini. Hupenda joto na mvua. Kwa hiyo mahali kama Kisangani panaufaa kuliko milima ya baridi ya Kivu.

Watu wengi hula fenesi tamu, kisha huzika mbegu yake nyuma ya nyumba. Mbegu huota. Lakini mtoto wa mbegu hafanani sikuzote na mama yake. Tuseme mtu amengoja miaka sita, na matunda yake hayana utamu. Afanye nini? Miaka sita imepotea. Aliyebebesha anajua tangu mwanzo atakula nini. Tena mara nyingi hupata matunda ya kwanza baada ya miaka mitatu au minne.

Kubebesha ni kuunga kijiti cha mti mzuri juu ya mche wa mbegu. Mizizi ni ya mche. Matunda ni ya mti mzuri.

Fanya hivi:

1. Panda mbegu kabla haijakauka, katika kopo lililotobolewa chini. Mbegu iliyokauka haioti.

2. Mche ukiwa mnene kama kalamu, tafuta mfenesi ambao umekwisha kuonja matunda yake. Kata kijiti chenye unene ule ule. Ondoa majani.

3. Kata kichwa cha mche, upasue katikati kiasi cha upana wa vidole viwili. Chonga mwisho wa kijiti pande mbili, kama kabari. Kisu kiwe kikali na safi. Futa utomvu.

4. Ingiza kijiti katika ufa. Ganda la kijiti na ganda la mche vikutane sawasawa, hata upande mmoja tu. Hapo ndipo viwili hivyo hushikana.

5. Funga kwa utepe wa plastiki. Funika kijiti kwa mfuko mdogo, weka mche kivulini. Majani mapya yakitokea, baada ya majuma kadhaa, ondoa mfuko.

Mche ukipata nguvu, upande bustanini mwanzo wa mvua. Chimba shimo la sentimeta 60 kila upande, utie samadi iliyooza. Chagua mahali ambapo maji hayatuami, la sivyo mizizi itaoza. Usikate mizizi. Kiungo kibaki juu ya udongo.

Sasa shika neno hili. Chini ya kiungo, mche utatoa machipukizi. Ni mazuri kwa macho, nayo hukua upesi. Yang'oe yote! Ukiyaacha, yatakinyima kijiti chakula, nacho kitakufa. Utabaki na mti mkubwa wenye majani mengi, lakini si ule uliouchagua. Kubebesha ni kazi ya siku moja. Kuangalia ni kazi ya kila juma. Hata mtoto mdogo aweza kuifanya kwa vidole vyake.

Maulizo

1. Kwa nini mafenesi hutoka kwenye shina?
2. Mti wa kubebesha wapita mti wa mbegu kwa mambo gani mawili?
3. Machipukizi ya chini ya kiungo yana hatari gani?
4. Chora mche uliobebeshwa. Onyesha kiungo.